Asante, Tuendelee

Jirani yangu hapa Mwisenge ana mtihani wa chuo wiki ijayo, wa upimaji wa kisaikolojia, kwa hiyo jioni anatukalisha kibarazani kwake afanye mazoezi. Anauliza maswali ya kumbukumbu, kidole gumba kwenye saa ya simu. Upate, ukose, uso wake ni uleule: "Asante, tuendelee." Eti mpimaji hasifu wala hasahihishi. Mimi ameshanipima mpaka nimechoka, na bado sijui kama nina akili.

Jana alimkalisha baba yake, aliyekuja kutoka Kisorya kumsalimia. Leo ni siku gani, alipata; tuko mji gani, alipata.

"Na mimi ni nani, baba?"

Mzee akacheka. "Sasa nikusahau wewe, Debora?"

Debora alikuwa dada wa jirani yangu, alishafariki. Kidole kilibaki hewani. Uso haukubadilika.

"Asante, baba. Tuendelee."