Majina Kumi na Moja Nyuma ya Picha

Saa tatu asubuhi, Arlys Brandvold anavua saa yake ya mkononi, anailaza picha kifudifudi mezani na kuanza kukwangua. Ameshika kijiti bapa cha mfupa. Anabandua kadibodi tabaka kwa tabaka, vipande vidogo kama ukucha, kisha anapuliza vumbi na kuinamia taa. Hadi saa sita amefichua herufi tatu.

"Gundi hii niliipaka mwenyewe," anasema bila kuinua uso. "Na niliipaka vizuri. Nilisifiwa."

Arlys ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na minane amekuwa mtunzaji wa Chama cha Historia cha Kaunti ya Hesper, Nebraska, ndani ya stesheni ya zamani ambayo treni siku hizi huipita bila kusimama. Analipwa dola kumi na nne kwa saa, kwa saa ishirini tu za wiki. Saa zinazozidi, nazo ni nyingi, anazitoa bure. Hapa mjini, mtu akitaka kujua babu yake alinunua shamba lini, jibu ni moja: nenda kwa Arlys.

Ndiyo maana aibu yake ni nzito. Angekuwa mzembe, watu wangemcheka yakaisha.

Mwaka 1987 kaunti ilitimiza miaka mia. Chama kikaamua kutundika picha za zamani kwenye jengo la mahakama, na Arlys, aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, akapewa kazi ya kuzibandika kwenye kadibodi. Huku watu huandika majina kwa penseli nyuma ya picha. Kwa hiyo alitakiwa kwanza anakili majina kwenye kadi kwa taipureta, ndipo apake gundi.

Picha moja ilikuwa ya mwaka 1948, mavuno ya viazi vya kukamulia sukari kwenye shamba la Otteson. Mbele ameketi mwenye shamba na mkewe na watoto watano. Nyuma yao wamesimama wanaume kumi na mmoja wenye visu, waliokuja kwa msimu kutoka Texas na Meksiko. Aliyeandika nyuma ya picha hakumwacha mtu: majina kumi na nane. Arlys akachapa saba ya akina Otteson, kisha akamalizia kwa maneno mawili: "na vibarua."

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na kanisani watu walikuwa wanakula pamoja, kila mmoja na sufuria aliyoileta. Alikuwa na haraka, anasema, halafu utetezi huo anaukataa mwenyewe.

"Niliyaona yale majina. Yalisomeka vizuri kabisa. Nilifikiri, nani atakuja kuyauliza?"

Wa kuyauliza alikuja Aprili mwaka huu. Consuelo Barrientos, mwenye miaka sabini na sita, aliletwa na binti yake kutoka Pueblo, Colorado, mwendo wa saa tano. Baba yake, Eusebio, alifanya kazi shamba la Otteson, akafa kwa ajali ya lori Consuelo akiwa na miezi minne. Nyumbani hawakuwa na picha yake hata moja. Arlys akamletea ile ya mavuno.

Mama huyo aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja, muda mrefu, kisha akauliza kama majina yao yaliandikwa mahali.

"Hapana, mama," Arlys akamjibu. "Zamani watu hawakuandika sana."

Consuelo akashukuru, akanunua postikadi mbili, akaenda zake.

Arlys anaposimulia hapo, shingo humwiva hadi masikioni. Kosa la 1987 anaweza kulisingizia ujana. Uongo wa Aprili aliusema akiwa mtu mzima mwenye mvi, tena kwa mtu aliyemwita mama.

Siku kumi na moja baadaye alimwendea mwenyekiti wa chama, Duane Otteson, mjukuu wa mwenye shamba, ambaye hakuona shida iko wapi.

"Arlys, siku zile kila mtu alibandika," alimwambia. "Ukianza kubandua hii, utabandua kaunti nzima."

Lakini mficha uchi hazai. Alirudi ofisini akampigia Consuelo simu, akamwambia majina yapo na yeye ndiye aliyeyafunika.

"Uliyajua hayo nikiwa nimesimama mbele yako?" Consuelo aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi yatoe."

Amekuwa akiyatoa tangu Mei. Mengine gundi imeyala. Jina moja limebaki herufi mbili. Hadi sasa amepata tisa. Agosti ilitokea "Eusebio B.", wa nne kutoka kushoto. Ni yule pekee aliyefumba macho wakati picha inapigwa. Arlys aliogopa kumwambia Consuelo, akidhani atakuwa amemletea huzuni juu ya huzuni, lakini akampigia simu.

"Hata mimi hufumba," Consuelo alisema. "Kila picha. Mume wangu alikuwa ananigombeza."

Mkutano mkuu wa mwaka ni Oktoba. Arlys amepanga kusoma majina yote aliyoyapata mbele ya wanachama, akina Otteson wakiwemo, na kueleza nani aliyafunika na nani alidanganya. Baada ya hapo atawatafuta wa familia zile kumi nyingine, ikiwa bado wapo wa kutafutwa. Wanachama wakitaka ajiuzulu, barua anayo tayari kwenye droo.

Consuelo ameahidi kuja, kwa sharti moja alilolitaja bila ukali: asiwekewe kiti karibu na cha Arlys.

"Ana haki," Arlys anasema. "Nimemwekea cha mbele kabisa. Mimi nitasimama."