Mihogo Mifupi ya Bi Mwajuma

Kuna Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nacheka peke yangu hapa Visiga mpaka mke wangu anatoka jikoni kuuliza kama niko salama. Nasikia wewe na wenzako mnazunguka na simu na vile vindege vya kamera, mnatafuta viwanja vya zamani vya mbio za magari. Kazi nzuri sana hiyo. Basi kaa nikusimulie nilivyoumbuka mimi kwa kazi hiyohiyo.

Baba yangu mkubwa, Salumu, alikuwa dereva wa mbio alipokuwa kijana. Alisema kuna njia ya mzunguko ilikatwa kule Kisarawe, ikamwagwa kokoto na kushindiliwa, na siku moja aliwashinda wote pale. Baadaye mbio zikafa, njia ikaachwa, pori likaifunika. Kijiweni hakuna aliyemwamini. Mzee Elisa, jirani yetu aliyehamia kutoka Kilimanjaro, ndiye aliyekuwa kinara wa kumtania, akidai mbio pekee zilizowahi kufanyika Kisarawe ni za mbuzi waliokata kamba. Wazee walicheka, na baba mkubwa alicheka nao, lakini mimi niliyekuwa nakaa naye nyumba moja nilijua yanamuuma. Tena macho yake yalishaanza kufifia. Akaniomba nimtafutie ule uwanja wakati bado anaona chochote, na waliomwita mwongo wawepo.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha upimaji ardhi, na kichwa kilikuwa kimenivimba, usiombe. Nilikuwa na ramani, dira, na kalamu tatu mfukoni mwa shati. Nilikwenda Kisarawe siku nne. Kila asubuhi nilipita kwenye shamba la mihogo la mama mmoja mtu mzima, Bi Mwajuma. Nikimpa shikamoo, ananiitikia marahaba vizuri, ananikaribisha. Siku ya pili alinipa mihogo ya nazi, nikala nimesimama, macho kwenye ramani. Aliniuliza natafuta nini. Nikamjibu kwamba ni mambo ya kitaalamu, mama, ni marefu kuyaeleza. Kha! Nikikumbuka jibu lile hata leo natamani kujizaba kibao.

Bondeni chini ya shamba lake palikuwa na uwanda wa nyasi, tambarare kabisa. Nikasema ni hapa, gari lingekimbizwa wapi kwingine? Nikapigilia vigingi, nikavipaka chokaa, nikarudi Visiga kutangaza ushindi.

Jumamosi ikafika. Tulikodi pikapu, wazee wakajaa nyuma na Mzee Elisa katikati yao. Baba mkubwa alivaa koti lake la Idi. Tulipofika nikamshika mkono nikamsimamisha kwenye kigingi cha kwanza. Akapiga hatua kumi mbele, akarudi, akapapasa ardhi kwa kiatu.

"Mwanangu," akasema, "hapa sijawahi kufika."

Wazee waliangua kicheko mpaka mmoja akakaa chini. Mimi jasho jembamba lilinitoka. Kucheka kwao sikukujali sana, ila baba mkubwa alikuwa ameinamisha uso, anafungua na kufunga kifungo kimoja cha koti. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kelele zile zikamleta Bi Mwajuma na jembe lake begani, aje kuona ni akina nani waliomchomekea vijiti bondeni. Baba mkubwa akamwamkia kwa adabu, akamweleza mwenyewe tunachotafuta. Mama wa watu akanigeukia mimi, akaniangalia kama anayemtazama kuku aliyeingia sebuleni.

"Siku zote nne ndicho ulichokuwa unatafuta? Mbona hukuniuliza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sikudhani kama anajua mambo ya magari.

"Magari siyajui," akasema. "Najua mahali jembe langu linapodunda."

Akatupandisha shambani kwake. Akang'oa mhogo mmoja, mrefu, umenyooka. Akasogea hatua chache, akang'oa mwingine: mfupi, umejikunja. Akaenda mbele, akang'oa mwingine, mfupi vilevile. Mihogo ile mifupi ilifuata mstari mpana, ukapinda kuzunguka kilima chote. Chini yake kulikuwa na kokoto zimeshikana kama sakafu. Miaka yote tangu wafyeke lile pori, familia yake ilikuwa inalima juu ya ile njia na kuilaani.

Baba mkubwa akaanza kutembea juu yake bila kushikwa mkono. Alisema kwa sauti, bila kuona vizuri, "Sasa inateremka kushoto." Ikateremka kushoto. "Hapa inainuka, kisha ni mstari wa mwisho." Ikainuka. Wazee wakaanza kumfuata nyuma. Mzee Elisa akavua kofia, akamwomba radhi mbele ya wote. Halafu, sijui kilimwingia nini, akakunja suruali, akanguruma kwa mdomo kama injini, akasema mbio zirudiwe.

Mwanangu, wazee wazima walikimbia! Wengine wananguruma, wengine wanapiga honi, Bi Mwajuma anawafuata nyuma akigombeza wasimkanyagie mihogo, huku mbavu hana kwa kucheka. Akakata njia ya mkato, akavua mtandio, akawapungia mwishoni. Baba mkubwa alimaliza wa kwanza. Alicheka mpaka akalia, na mimi nikalia naye.

Sasa sikiliza. Nilichora ramani ya njia ile vizuri, na chini yake nikaandika jina langu kwa wino mweusi. La Bi Mwajuma sikuliandika. Alifariki kabla sijapata akili ya kulirekebisha, na furaha yote ile ya Jumamosi haijaniondolea hilo.

Kwa hiyo ukifika mahali, mwanangu, weka simu mfukoni kwanza. Msalimie anayelima pale, kaa chini, kula anachokupa, na umwambie unatafuta nini hata kama ni marefu kuyaeleza. Akikuonyesha, andika jina lake kabla ya lako. Mungu akulinde njiani, akujalie wenyeji wakarimu kila uendako, na akupe maisha marefu ya kuwashukuru wakiwa hai.