Mkono Usio na Shemeji

Habari ilinifikia nikiwa nimekaa kuandika mambo mengine kabisa kwa ajili ya karatasi hii mnayosomewa kila mwezi: mzee wetu mpima nguo amefariki. Aliugua siku nne tu, homa hizi hizi tunazozijua, na jana tumemzika baada ya adhuhuri. Sitamtaja jina. Walio hapa Bagamoyo wanamjua, na ninyi wa mbali jina halitawafaa kitu. Itoshe kusema kwamba kwa miaka mingi, mtu aliyenunua nguo ya merikani katika mji huu akahisi amepunjwa alikuwa na mlango wa kubisha, na mlango wenyewe ulikuwa wake.

Kwa wasiojua, nguo yetu ilipimwa kwa mkono, toka kiwikoni hadi ncha ya kidole cha kati, na mikono minne ikafanya pima moja. Lakini mkono wa nani? Hapo ndipo palipokuwa na vita. Msafara ukishuka kutoka bara na pembe zake za ndovu, wapagazi walimtafuta miongoni mwao mrefu kuliko wote, mwenye mikono ya kukaribia magoti, wakaja naye dukani. Mwenye duka naye si mjinga, alikuwa na binamu yake mfupi amekaa ndani, hana kazi nyingine ila hiyo. Wakibishana mpaka mate yakawakauka, ndipo aitwe mzee wetu, kwa kuwa mkono wake haukuwa mrefu wala mfupi, na tena haukuwa na upande. Siku moja mwenye duka alikuwa ndugu wa mke wa mzee huyo. Mzee akapima, nguo ikapungua pima nzima, akalisema hilo mbele ya wapagazi wote. Shemeji akamvuta kando kumkumbusha udugu. Mzee akajibu kwa sauti ya kusikika barabarani, "Mkono huu hauna shemeji." Nyumbani alinuniwa mwezi mzima, akala wali wenye chenga bila kusema neno.

Nina hamu na kelele zile, sifichi. Sisemi kwamba tulikuwa malaika. Pembe zile hazikubebwa zote na watu waliokuja kwa hiari yao, na wengine katika sisi tulinenepa kwa mambo ambayo leo tunayasema kwa sauti ya chini. Lakini mgeni kutoka bara, asiye na mtu mjini, aliweza kusimama mbele ya tajiri akasema sikubali, na tajiri akalazimika kungoja mpaka mzee afike. Hicho ndicho ninachokililia, zaidi ya nguo na zaidi ya pembe.

Kisha bendera ikabadilika, vita vikaja vikapita, na forodha ikawa ya mabwana wapya. Mimi nilikuwa mmoja wa wachache mjini wanaojua herufi za Kizungu, wakanichukua niwe karani. Asubuhi moja bwana wa forodha aliniuliza kipimo cha watu wa hapa ni kipi. Nikamwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba kipimo chetu kinatembea, kinasali, na kinakaa nyuma ya soko. Akataka aitwe. Mzee alikuja na kanzu yake ya Idi, uso umemng'aa, maana alidhani wenye nchi wapya wamekuja kumtambua kama walivyomtambua wa zamani. Akanyoosha mkono juu ya meza. Bwana akaweka fimbo ya chuma yenye alama kando yake, akapima mara tatu, akanisomea hesabu, nami nikaiandika. Haikuchukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Mzee akaniuliza kama bwana ameridhika. Nikasema ameridhika. "Basi mwambie kesho nitakuja mapema," akasema. Nikafasiri. Bwana akacheka bila ubaya, akasema kuna haja gani, mkono si tumeshaupata? Akarudi kwenye karatasi zake. Mzee alikuwa akinitazama mdomoni, anangoja. Nikamwambia, "Wamesema watakuita."

Tangu siku ile, kila asubuhi, alikoga, akavaa kanzu ile ile, akakaa kibarazani kwake. Njia yangu ya kwenda kazini inapita hapo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akauliza, "Hawajasema?" Nami nikajibu, "Bado, mzee wangu." Masika yalikuja yakaisha, tukisema maneno hayo hayo. Kule forodhani fimbo ilifanya kazi, na kwa haki niseme chuma hakirefuki wala hakifupiki. Ila aishikaye ni mtu, na nguo huvutwa ikanyooka juu yake kama ngozi ya ngoma, na mpagazi anayeguna huambiwa kwamba chuma hakidanganyi. Hana tena mlango wa kubisha.

Baada ya maziko nilikwenda kumpa mkono wa pole mjane. Yumo edani, akasema nami toka nyuma ya pazia. Nikamwambia kuna jambo linanisumbua, nikaanza kuungama. Akanikatiza kwa upole.

"Alijua, mwanangu. Alijua kabla hajafika nyumbani siku ile. Nilimwambia akukataze kumdanganya. Akasema, mwache, akisema bado nami napata sababu ya kuvaa kanzu."

Niliondoka nikapita njia ya pwani ili nisipite kibarazani, na nilipofika nyumbani nililia kama mtu aliyefiwa na baba.

Sasa nasikia mabwana wameanza kwenda na minyororo ya kupimia mashamba, huko nyuma ya mji na upande wa Kiwangwa. Wanafuatana na vijana wetu wenye kalamu. Mkulima anaulizwa shamba lako laanzia wapi, naye kwa furaha ya kuulizwa anawatembeza, mnazi kwa mnazi, kaburi la babu, kijito, na kijana anaandika. Huyo kijana nataka kusema naye, kwa sababu namjua vizuri. Mwanangu, mtu anapokupa analolijua nawe ukaliandika, usiondoke hapo kabla hujamuuliza mkubwa wako swali moja tu: likishaingia katika karatasi, huyu aliyelisema atabaki na nini? Uliza hata kama sauti inatetemeka, uliza huku mwenye shamba angali amesimama mbele yenu. Mimi siku ile nilizijua lugha zote mbili, na sikuuliza.