Vidole Vinne Juu ya Tairi

Siku Kiguunanjia alipoliingiza trela lile uani, akilivuta kwa gari lake, alipiga honi mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mkewe akatoka chumba cha ushonaji na pini mdomoni, akasimama kizingitini.

"Tema hizo pini useme neno, mke wangu! Nyumba yako hiyo, na ina magurudumu!"

Ilikuwa nyumba kweli. Ndani mlikuwa na kitanda cha mtu mzima, sinki, kijikabati na pazia lililopauka kwa jua. Wapimaji wa barabara waliwahi kulala humo wakiwa kazini, kisha wakalichoka. Jirani mmoja, mtu wa maneno, akachungulia juu ya ukuta na kusema mwenzao kahamia ukoo wa konokono. Watu wakacheka, na Kiguunanjia akacheka kuwashinda wote.

Jina hilo alipewa na mtaa, na alilistahili. Maisha yake yote aliendesha malori ya masafa marefu, nyumbani akirudi kubadilisha shati tu. Kila akiondoka alimwambia mkewe, "Ipo siku nitakupakia nawe uione dunia." Mkewe alilea watoto, akashona nguo za watu, akaingoja siku hiyo mpaka nywele zikageuka rangi. Yeye mtaa ulimwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia nguo haikutoka shingoni mwake hata akienda dukani kununua chumvi.

Safari aliyoitaka ilikuwa moja tu, ya kwenda kwa dada yake. Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamfundisha kushona kwa kumgonga vidole na rula kila mshono ulipopinda. Sasa dada alikuwa anasahau. Alianza na funguo, akaja kwenye sufuria jikoni, kisha majina ya wajukuu. Mwenyewe alijua kinachomjia, na ndiye aliyepiga simu akasema bila kuzunguka: "Mdogo wangu, njoo ningali nakujua."

Kwenda kwa basi hakukuwezekana. Tangu aanguke na kuvunjika nyonga, Mama Futi hakuweza kukaa kitini muda mrefu; ilibidi ajilaze, ajinyooshe, ndipo maumivu yatulie. Na kwa dada ni mbali, mwendo wa kutwa nzima na zaidi. Ndiyo maana Kiguunanjia akaleta trela: watasimama njiani, mkewe ajilaze kitandani, kisha waendelee. Hapo tumpe haki yake, wazo lilikuwa zuri, na mume anayewaza hivyo si mume mbaya. Ubaya ulianza kwenye matairi.

Trela lilikuja na matairi madogo, mazima kabisa, hayana hata kovu. Kiguunanjia aliyatazama kama mtu aliyetiliwa chai kwenye kifuniko. "Tairi za toroli hizi! Mimi niliyevuta makontena, nionekane barabarani na hizi?" Akayavua, akayatupa nyuma ya tangi la maji, akafunga makubwa, mapana, meusi ti. Kisha akapiga magoti, akapenyeza mkono kati ya tairi na sakafu ya trela iliyo juu yake. Vidole vinne vilivyobanana vikapita. "Nafasi tele," akasema, akajipangusa vumbi.

Wakapakia. Godoro, madumu ya maji, vyombo, gunia la nguo, na cherehani, maana Mama Futi alitaka amshonee dada yake gauni palepale, wakiwa wawili, kama zamani. Hawakufika mbali. Walipovuka maduka ya mwisho, kwenye tuta la kwanza tu, trela lilishuka, kikasikika kishindo, halafu mkwaruzo, halafu harufu ya mpira unaoungua. Springi zilikuwa zimechoka, na chini ya mzigo ule zilikuwa zimelala kabisa. Tairi lilikuwa limeitafuna sakafu mpaka mbao zikaonekana.

Wakarudi polepole, watu wakiwatazama.

"Ni hiyo cherehani yako," Kiguunanjia akasema walipofika uani.

"Cherehani! Na hayo matairi yako je?"

"Nilipima. Vidole vinne!"

"Ulipima likiwa tupu, baba. Dada alinifundisha, mpime mtu amesimama, halafu mwambie akae, upime tena. Gauni halipasuki mtu akiwa amesimama."

"Hili ni trela, si gauni."

Ebo! Mtu akijibu hivyo utamfanya nini? Sikio la kufa halisikii dawa. Kiguunanjia akaingia chini ya trela, na ni kama hakutoka tena. Akaongeza chuma kwenye springi. Akapima, likiwa tupu, vidole vinne vikapita. Wakapakia, wakatoka, tairi likagusa kwenye kona ya pili. Akainua trela kwa vipande vya chuma alivyochomelea mwenyewe. Akapima likiwa tupu. Mara hii walifika darajani kabla moshi haujatoka, naye akayaita hayo maendeleo.

"Rudisha yale madogo," mkewe akamwambia.

"Usinikimbize. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Kesho litakuwa tayari."

Kesho hiyo Mama Futi aliila mpaka ikamkinaisha. Alianza kuuchukia mlio wa spana, akauchukia mpaka meno yakamuuma. Uani palijaa wanaume, kila mmoja na ushauri wake, huyu anasema springi za lori, yule anasema punguza upepo, na Kiguunanjia katikati yao, mikono michafu, sauti juu, uso unang'aa. Ndipo mwanamke yule alipoelewa, akiwa dirishani na kanga ya mtu mkononi inayongoja pindo. Mumewe alikuwa amekwisha anza safari. Alikuwa anasafiri palepale uani, tena bila yeye, kama alivyosafiri siku zote.

Simu za dada zikapungua. Siku moja dada alipiga akamwita "mama", akamuuliza kama amekula. Mama Futi akajibu kuwa amekula, akakata, akashona mkono wa gauni la mteja kinyume. Kisha binti wa dada akapiga simu. "Mama mdogo, leo ameniuliza mimi ni nani. Lakini wewe bado anakutaja. Kila gari likipita anauliza kama ni wewe. Fanya haraka, tafadhali."

Siku hiyo Kiguunanjia alikuwa amekwenda kwenye yadi ya vyuma chakavu kutafuta springi nyingine. Mama Futi akachukua mkongojo wake, akaenda mpaka kwa fundi wa pancha kwenye kona.

"Njoo uvue yale matairi makubwa, ufunge madogo."

"Mzee ataniua, mama."

"Yeye atakuua akirudi. Mimi nitakuua sasa hivi."

Fundi akaja. Mama Futi akasimama juu yake mpaka kila nati ilipokazwa, kisha akaamuru kila kitu kipakiwe, maji, gunia, godoro, na cherehani ikiwa ya mwisho. "Sasa pima." Fundi akapenyeza mkono. Vidole vinne vikapita, na nafasi ikabaki. Maharage aliyoyabandika Mama Futi kabla ya kutoka yalikuwa bado hayajaiva. Yaani miezi yote ile, dawa ilikuwa nyuma ya tangi la maji, inaota kutu kwenye ringi na kulaliwa na paka!

Kiguunanjia akarudi na springi begani. Akayatazama matairi madogo, akaitua springi chini taratibu.

"Umenivua nguo mbele ya mtaa."

"Kesho asubuhi naondoka," mkewe akasema. "Endesha wewe, ama nitafute mtu mwingine."

Akaendesha. Na njiani, mwenzangu, hakikutokea kitu. Mashimo yalikuwapo, matuta yalikuwapo, trela likapanda na kushuka, matairi ya toroli yakazunguka kimya. Waliposimama mara ya kwanza, Mama Futi alijilaza kwenye kile kitanda akatazama dari. Alitamani angalau tairi lingegusa mara moja, apate kuamini kwamba walichelewa kwa jambo gumu. Akalia palepale, na si kwa sababu ya nyonga. Alilia kwa hasira. Kisha akafuta uso, akagonga ukuta, mumewe akajua waendelee.

Binti wa dada aliwapokea mlangoni, akamkumbatia mama yake mdogo, akaficha macho. Dada alikuwa ameketi karibu na dirisha, msafi, nywele zimechanwa. Alimtazama mgeni toka miguuni mpaka shingoni, na macho yakatua kwenye futi.

"Aa, fundi! Karibu. Umekawia, lakini karibu."

"Dada, ni mimi."

"Ndiyo wewe, si naiona futi?" Akashusha sauti, kama anayetoa siri. "Nataka gauni la heshima. Mdogo wangu anakuja. Mumewe anamtengenezea nyumba ya magurudumu, alale njiani, maana nyonga yake mbovu. Itakuwa tayari kesho."

Kiguunanjia akatokea mlangoni akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa amekwisha inama na kupima. "Halikugusa hata mara moja!" akasema. Kisha akauona uso wa mkewe, akabaki na tambara lake, asijue aliweke wapi. Mkewe hakumgeukia.

Alivua futi shingoni. Dada akasimama mwenyewe, akanyoosha mikono kama mteja mzoefu. Mama Futi akapima mabega, akapima kifua, akapima kiuno, akavitaja vipimo kwa sauti kama alivyofundishwa. Akaikunja futi.

"Umemaliza?" dada akamuuliza kwa ukali. "Fundi gani wewe? Mbona hujaniambia nikae?"

Akakaa, akalinyoosha gauni lake magotini.

"Pima tena. Na uniachie nafasi ya kutosha, maana mdogo wangu akija tutakaa sana."

Mama Futi akapiga goti sakafuni, nyonga ikamkata, akampima tena.