Pointi Ambazo Hawakunidai

Mume wangu alifariki Jumapili ya tatu ya Septemba. Jumanne ya pili ya Oktoba niliendesha gari kutoka Brooklyn Center hadi klabu yake ya Saint Paul, nikaketi kwenye kiti chake. Ligi ya kribeji huchezwa na timu za watu wawili, na rafiki yake Mkenya, ambaye mimi humwita shemeji, alikuwa amebaki bila mwenzi.

Kribeji ni mchezo wa karata. Kila mchezaji huhesabu pointi zake kwa sauti, kisha husogeza kijiti kwenye ubao wenye matundu; anayefika mwisho wa ubao kwanza hushinda. Karata zinazojumlika kuwa kumi na tano huleta pointi mbili. Jozi na mfuatano navyo vina pointi zake. Klabu ile ina sheria moja kali: ukisahau pointi, mpinzani huitaja na kuichukua. Mzee mmoja wa Kimarekani, dereva wa lori aliyestaafu, alimnyang'anya mume wangu kwa miaka mingi bila huruma. "Asante kwa chakula cha jioni, bwana!" alikuwa akimwambia, na mume wangu alirudi nyumbani akilaani na kucheka.

Mimi nilianza shule nikiwa mama wa watoto watatu. Cheti cha sekondari nilikipata hapa Minnesota, mwezi wa Juni, nikiwa na mvi. Mwalimu mmoja alipotaka kunipitisha kwa kunihurumia, nilikataa, nikaurudia mtihani. Basi majira yote ya baridi, tulipokuwa tukishinda, niliamini kwamba kiti kile nakikalia kwa haki.

Jumanne ya mwisho ya Februari tulicheza na yule mzee na mwenzake. Mshindi angeingia fainali. Nilikuwa na sita, saba na nane mbili. Karata ya pamoja iliyofunuliwa mezani ilikuwa namba mbili. Nilihesabu kumi na mbili, nikasogeza kijiti. Hapo nikauona mkono wa mzee ukienda kwenye ubao, kisha ukageuka na kushika glasi ya bia.

Nikazitazama upya karata zangu. Mbili, sita na saba: kumi na tano. Nilikuwa nimeziacha pointi mbili, naye alikuwa ameziona.

"Chukua pointi zako," nikamwambia.

"Pointi gani, mama?"

"Unazijua."

"Ah, ni mchezo tu. Tuendelee."

"Kwa mume wangu ungezichukua."

Shemeji alinigonga mguu chini ya meza. Watu wa meza ya jirani waligeuka. Mzee aliinamisha uso, akasogeza kijiti chake matundu mawili, wala hakumshukuru mtu kwa chakula cha jioni. Katika mzunguko uliofuata alimaliza ubao, sisi tukiwa tumebakiza tundu moja.

Nje, shemeji alikuwa akikwangua barafu kwenye kioo cha gari lake kana kwamba kioo ndicho kilichomkosea.

"Shemeji, kwani ungenyamaza ungekufa? Tulikuwa tuna-win!"

"Amefanya hivyo mara ngapi?"

Aliendelea kukwangua.

"Nimekuuliza, shemeji."

"Si yeye peke yake," alisema hatimaye. "Tulikubaliana, timu zote. Msimu huu tu. Ilikuwa heshima kwa marehemu."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa umefiwa, shemeji. Ulitaka tukufanyeje?"

Wale watu walikuja mazishini na vyungu vya chakula. Siwezi kusema hawakunipenda. Lakini kila ushindi niliokuwa nimempigia binti yangu simu kumsimulia ulikuwa umepita kwenye mikono yao kwanza, na huenda mwingine niliupata kihalali. Siwezi tena kuutenganisha.

Jumanne ya kwanza ya Machi nilirudi, kwa kuwa timu zilizotolewa nazo hucheza hadi msimu uishe. Mzee alinisalimu kwa adabu kubwa mno. Nilihesabu karata za kila mzunguko polepole, kwa sauti, nikiwatazama wote machoni. Hakuna aliyenidai pointi hata moja usiku ule, na sikuweza kujua kama ni kwa sababu sikukosea.