Ndama wa Msibani

Nimechoka kuitwa mwizi wa ndama. Lakini jina hilo nililikubali mwenyewe, kwa hiyo simlaumu anayeniita.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua pamba. Nilikuwa naripoti habari za Mara kwa gazeti moja la Dar es Salaam, nikaandika kwamba mizani ya mnunuzi mmoja wa Bunda imechezewa ili kuwapunja wakulima. Aliyenionyesha alikuwa mpimaji wa mizani hiyohiyo, rafiki yangu tangu shuleni. Aliniomba kitu kimoja tu: jina lake lisitoke, hata kwa mke wangu.

Mnunuzi akafungua kesi. Hakimu pale Musoma akaniamuru nimtaje aliyenipa habari. Nikakataa, nikawekwa mahabusu. Nikarudishwa kizimbani, nikakataa tena. Mwisho nikapewa dhamana, eti nikafikirie. Nilikuwa nimechoka hata kufikiri.

Siku hizo tukikutana njiani, mimi na rafiki yangu, kila mtu anaangalia upande wake, ili tusihusishwe. Tulijiona wajanja, tukasahau tunaishi wapi. Kwenye msiba mmoja Butiama wazee waliona hatukupeana mikono, na kwetu wenye kinyongo hawali pamoja msibani mpaka waseme kinachowagombanisha. Wakatuita mbele za watu. Karani wa yule mnunuzi alikuwa ameketi palepale, ameacha kula, anatutazama.

Mzee mmoja akauliza tumegombania nini. Niliogopa kuliko nilivyoogopa mahakamani. Rafiki yangu ndiye aliyewahi.

"Huyu tulikuwaga kama ndugu," alisema. "Nilimpa ndama wangu anitunzie, akaenda kumuuza mnadani."

Watu wakaguna. Mke wangu alikuwa miongoni mwao.

"Ni kweli," nikasema.

Nikaamriwa kulipa ndama, nikalipa. Karani akarudi kwenye ugali wake. Kesi ikaahirishwa na kuahirishwa mpaka mnunuzi akafunga biashara na kuhama, ikafia hapo. Rafiki yangu alibaki kwenye pamba, akasomesha watoto wake. Mimi nikabaki na sifa yangu.

Alipofariki nilikwenda kumzika. Nikanyoosha mkono nipewe koleo nami nifukie kidogo, mwanawe mkubwa akalizuia.

"Wewe ulimwibia baba," alisema taratibu. "Kaa tu pale, mzee."

Maneno yote yalinijaa mdomoni. Hakimu alishastaafu, mnunuzi hayupo, hakuna wa kumdhuru tena. Lakini ruhusa ya kusema ilikuwa ya marehemu, na alikuwa ameondoka bila kunipa. Nikaenda kukaa.

Hata hapa nimeandika ndama ili watoto wake wakisoma wasimtambue baba yao. Kilichotajwa msibani siku ile ni kitu kingine, na hicho nitazikwa nacho.