Buli Lililonuka Iliki

Kwa muda mrefu nilikana, kwa uso mkavu kabisa, kwamba niliwahi kutia chai ya maziwa ndani ya buli la Kijapani la jirani yangu. Nilitia. Tena yenye iliki.

Ilikuwa Guangzhou, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nami nasomea shahada ya uzamili. Jirani yangu wa bwenini, Mjapani, alikuwa na buli la udongo aliloachiwa na marehemu mama yake. Mpini wake ulichomoza ubavuni, kama wa sufuria. Alinifundisha kuchagua la aina hiyo: kifuniko kisichezecheze, chungio la ndani liwe la udongo uleule, na ukishika mpini kidole gumba kifike kifunikoni. Kisha akamiminia majani ya chai ya kijani maji aliyoyaacha kwanza yapoe. Nilishtuka. Chai ya maji yaliyopoa! Kwetu mgeni angedhani anafukuzwa.

"Usilioshe kwa sabuni," aliniambia akinikabidhi buli alipokwenda kwao likizo. "Udongo huu unakunywa kila kitu."

Nikaitikia kisomi, yaani bila kusikiliza.

Wiki hiyohiyo alinitembelea dada mmoja wa Kariakoo, mfanyabiashara aliyepanga chumba barabara ya Huanshi Zhonglu. Chai nilikuwa nimeichemshia kwenye sufuria.

"Msomi mzima unanichotea chai kwa upawa?" akanisuta. "Na lile buli pale ni la maonyesho?"

"Si langu, dada."

"Kwani nitalimeza?"

Nikamimina. Alipoondoka nikalisuuza: linanuka iliki. Nikalisugua kwa sabuni: likanuka iliki iliyooga. Mama wa watu hakuwa ameacha buli jingine.

Mwenyewe aliporudi alilinusa, akanitazama. "Ulitia nini?"

"Maji tu."

Alihitimu, akarudi kwao. Katika barua aliniuliza mara mbili, kwa upole ulionitisha. Mara mbili nikajibu: maji tu.

Mwaka uliofuata mlinzi wa bweni aliniita kwenye simu. Ni yeye, kutoka Japani.

"Ile harufu inaanza kwisha, nami nimeshaizoea," alisema. "Nimezunguka maduka, lakini nitaulizaje kitu nisichokijua jina? Ile mbegu niliyoikuta kwenye chungio inaitwaje?"

Uongo wangu ulikuwa tayari mdomoni, kwa Kichina safi. Jina la mbegu kwa Kichina ndilo ambalo sikulijua.

"Iliki," nikasema.

Akalirudia polepole, akiandika.